Nani Anaununua Msitu? Jibu kwa Mwanafunzi wa Rufiji

*Swali:* Shikamoo Daktari. Nasoma uzamili katika uchumi, na kwetu ni delta ya Rufiji. Nataka tasnifu yangu iwe juu ya thamani ya mikoko. Msimamizi wangu anataka nimpe shilingi kwa hekta. Mwalimu wa misitu niliyeambiwa nimshirikishe anasema bila kupima miti kazi yangu itakuwa porojo. Mjomba wangu ni mkata boriti. Aliposikia alicheka, akaniuliza nani anaununua msitu. Naona kama natakiwa kuandika tasnifu tatu. Je, huo uchumi ikolojia ni taaluma kweli, au ni jina tu la kuwakalisha watu wa idara tofauti kwenye meza moja?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Nianze na mjomba wako, kwa sababu kati ya wote watatu ndiye aliyegusa penyewe. Hakuna anayeununua msitu. Ule ni hifadhi ya serikali tangu enzi ya Wajerumani, haujawahi kupelekwa sokoni, na ukiandika kwamba hekta moja ni shilingi kadhaa utakuwa umetaja bei ya kitu kisichouzwa. Kinachouzwa ni korja: boriti ishirini zilizohesabiwa, zikapakiwa mashuani, zikashushwa Dar es Salaam au Unguja. Ningependa uanze na hiyo korja. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza nikujibu kuhusu jina.

Watu wengi huchanganya uchumi wa mazingira na uchumi ikolojia. Ule wa kwanza huyaona mazingira kama chumba kimojawapo cha uchumi. Kuna kilimo, kuna viwanda, kuna mazingira. Moshi wa kiwanda ni gharama ambayo soko limesahau kuiandika, basi tuitoze kodi mambo yaishe. Sina ugomvi nao, umesaidia mengi. Uchumi ikolojia unaanzia kwingine: uchumi ni nyumba, maumbile ndiyo kiwanja. Unaweza kuongeza vyumba, ukaongeza na baraza, lakini kuna siku utagonga ukuta wa jirani. Herman Daly, aliyekuwa Benki ya Dunia kuanzia 1988 hadi 1994, alikuwa akisimulia kisa cha mchoro. Rasimu ya ripoti kubwa ya Benki ya mwaka 1992 ilikuwa na picha ya uchumi na mazingira: mstatili ulioandikwa "uchumi", mshale ukiingia, mshale ukitoka. Daly akashauri wachore mstatili mkubwa kuuzunguka ule mdogo, wauandike "mazingira". Rasimu iliyofuata ikaja na mstatili mkubwa usio na jina, kama fremu ya picha ukutani. Akalalamika. Rasimu ya tatu haikuwa na mchoro kabisa.

Mwalimu wake, Nicholas Georgescu-Roegen, Mromania aliyeingia uchumi kupitia hisabati na takwimu, alikuwa ameshaieleza sababu mwaka 1971. Kila tunachozalisha huanza na nishati na malighafi zenye mpangilio, na huishia kuwa joto na takataka. Kuni uliyokwisha kuichoma huwezi kuipikia tena, hata ukiwa na fedha kiasi gani. Mchumi aliyeelewa hilo analazimika kumuuliza mwanafizikia na mwanaikolojia kabla hajafungua jedwali lake la bei. Kwa hiyo taaluma ipo. Ina jarida lake tangu 1989, ina chama chake cha kimataifa, na ina magomvi yake, ambayo kwangu mimi ndiyo dalili ya taaluma iliyo hai.

Wala kuchanganya taaluma si fasheni ya juzi. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanabiolojia, aliandika kwamba malisho ya watu wote lazima yaangamie, maana kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Wachumi wengi wakaitikia. Aliyekwenda kuwatazama wavuvi, wafugaji na wakulima wa mifereji wanavyoishi hasa ni Elinor Ostrom, msomi wa sayansi ya siasa. Akakuta jumuiya nyingi zina sheria zao, walinzi wao na faini zao, na mali yao ya pamoja ingalipo. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Mwanabiolojia alikosea jambo la uchumi, mwanasiasa wa darasani akamsahihisha, na wachumi wakachelewa miongo kadhaa kumpongeza.

Tuje kwa msimamizi wako. Anapodai shilingi kwa hekta ana sababu zake, naye nimtetee kidogo. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake 12 walichapisha makadirio kwamba huduma tunazopewa bure na maumbile ya dunia nzima, kuanzia kusafisha maji hadi kuchavusha mazao, zina thamani ya wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka. Pato la dunia wakati ule walilipiga kama dola trilioni 18. Namba hiyo iliwafanya mawaziri wa fedha wainue vichwa, jambo ambalo picha za tembo hazikuliweza. Lakini Michael Toman, mchumi pia, alisema kwa kejeli kwamba wamekadiria chini kitu kisicho na kikomo. Ana haki. Ukiiondoa hewa yote duniani, nani atabaki wa kulipa? Bei huwa na maana pale tunapoongeza au kupunguza kidogo: kipande hiki kikikatwa, nani anakosa nini? Wanafunzi wengi niliowasahihisha huchukua wastani wa dola kwa hekta kutoka Asia au Amerika, wakauzidisha kwa hekta za kwetu, wakapata namba nene inayopendeza kwenye muhtasari. Delta yenu ina mikoko ya takriban hekta 50,000, kwa hiyo yako itakuwa nene kweli. Na haitamhusu mtu yeyote Rufiji.

Sasa korja. Nenda msituni na mjomba, siku moja tu, bila dodoso. Beba utepe wa kupimia na daftari lisiloogopa tope, na uende na yule mwalimu wa misitu au mwanafunzi wake. Utagundua mapema kwamba mjomba haoni "miti". Anaona fito, pau, boriti, nguzo, banaa, yaani unene na unyoofu. Anaona pia jinsi: mkoko, msindi na mkandaa ni wa kujengea; mlilana anamwachia fundi wa mashua anayetafuta mataruma, yaani mbavu za chombo; mchu ataupita hivi hivi, labda awe na haja ya kuni. Mwanamisitu atasimama mbele ya mti huohuo na kutaja kipenyo. Kwa kawaida hupima mita 1.3 kutoka ardhini, ila mkoko una mizizi inayotoka juu ya shina na kushukia topeni kama miguu ya buibui, hivyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mwache mjomba ataje: hii pau, hii boriti, hii bado, hii ilishapinda haina mwenyewe. Mwanamisitu apime. Wewe andika majina yote mawili kwenye mstari mmoja, mti kwa mti. Ukifikisha miti mia mbili rudini nyumbani, maji yatakuwa yanajaa.

Jedwali utakalokuwa nalo jioni hiyo hakuna kati yenu ambaye angeweza kulitengeneza peke yake. Lina daraja kati ya lugha ya soko na lugha ya msitu. Sasa unaweza kuuliza: katika hekta moja kuna boriti ngapi zilizosimama? Pau huchukua miaka mingapi kuwa boriti? Wakataji wa kijiji wanatoa korja ngapi kwa mwaka? Zinazotoka zikizidi zinazokomaa, kijiji kinakula mtaji, hata kama kila korja imelipiwa ushuru na kila risiti ipo.

Kuna jambo jingine litajitokeza, nalo huwakera watu wa setilaiti. Wakataji huchagua. Wanachukua iliyonyooka ya unene wa boriti, wanaacha iliyopinda na iliyonenepa kupita kiasi. Baada ya miaka, ukiutazama msitu kutoka juu ni kijani kitupu, hekta zilezile, na ripoti itasema hakuna upotevu. Ukiingia ndani hupati boriti kumi za kufaa. Hapo swali lako la uchumi limeshabadilika. Ulikuja kuuliza hekta ina thamani gani. Sasa unauliza kwa nini hekta mbili zenye kijani kilekile zina korja tofauti, na nani alizichukua. Mimi utafiti mtambuka naupima kwa hilo: jibu la taaluma moja limekubadilishia swali la nyingine. Kama kila mtu ameandika sura yake na mmezifunga kwa jalada moja, mmeshirikiana gharama za kuchapisha tu.

Daly alikuwa na mpangilio ninaoutumia hadi leo. Kwanza ukubwa: msitu unaweza kubeba mzigo kiasi gani bila kupungua? Pili mgawanyo: nani anapata, nani anakosa? Bei inakuja ya tatu. Wachumi wengi tumefundishwa kuanzia mwisho.

Nikupe na kosa langu mwenyewe, lisije likakupata. Kazi yangu ya kwanza ya mashambani niliifanya katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini. Nilikuwa na dodoso 120, wasaidizi wanne, na siku tano. Tulianza kugonga milango saa nne asubuhi, kistaarabu, watu wakiwa wameshakunywa chai. Tuliwakuta wazee, wagonjwa, wenye maduka, na mwalimu mmoja aliye likizo. Tukajaza. Matokeo yakaonyesha kwamba bahari inachangia kidogo sana kipato cha kaya, nami nikaandika aya ndefu kuhusu "mseto wa shughuli za kiuchumi". Rafiki yangu wa biolojia ya bahari akasoma, akaniuliza tarehe. Akafungua jedwali la maji kujaa na kupwa, akacheka mpaka akavua miwani. Tulikwenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Kwenye pwani yetu, bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na huo ndio wakati kila mwenye miguu yuko mwambani anatafuta pweza, au yuko mikokoni anachokoa kaa na chaza. Sampuli yangu ilikuwa ya watu wasiokwenda baharini. Hakuna fomula ya takwimu ingeniokoa. Kilichohitajika ni kujua mwezi una siku ngapi, jambo ambalo mtoto yeyote wa kijiji kile angeniambia bure.

Wewe ni wa huko, hutakosea bamvua na maji mafu. Lakini unaweza kukosea msimu. Kipato cha kaskazi si cha kusi, na ukipima mwezi mmoja ukazidisha kwa kumi na mbili umetunga. Unaweza pia kukosea mtu wa kumuuliza. Dodoso za idara zetu humtafuta "mkuu wa kaya", naye huwa mwanamume, atakutajia boriti na samaki. Kuni, kaa, chaza na kamba wadogo wa kutandiwa kwa kipande cha nguo mara nyingi ni kazi ya mama na watoto, wala haviuzwi, vinapikwa. Usipomuuliza mama, nusu ya msitu haimo kwenye tasnifu yako.

Na lile swali la vitabuni, "uko tayari kulipa kiasi gani kwa mwezi ili mikoko ihifadhiwe?", nakusihi ulijaribu kwanza kwa bibi yako. Niliwahi kuliuliza nikajibiwa, "Nimlipe nani, Mungu?" Kwenye jedwali nikaandika sifuri, kama kwamba mama yule haoni thamani ya mikoko, wakati alikuwa ananiambia kwamba hapokei wazo langu la umiliki. Sifuri ya namna hiyo iandike kwa maneno.

Kuhusu kaboni, najua msimamizi wako atafika huko, kwani ndiko fedha zinakonukia. Mfano wa karibu ni Mikoko Pamoja huko Gazi na Makongeni, Kaunti ya Kwale, Kenya. Tangu 2013 vijiji hivyo viwili vinatunza hekta 117 katika ghuba ya Gazi na kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa chafu ambayo msitu umeizuia, kama tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule. Ulikuwa mradi wa kwanza wa jamii duniani kufanya hivyo kwa mikoko, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wengi huunukuu kama hadithi ya bei: kaboni imepata mnunuzi, msitu umepona. Mimi naona kilichoubeba ni mambo ambayo mchumi peke yake asingeyafikiria. Taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ilikuwa na kituo hapo Gazi na ilikwisha kupima na kupanda miti kwa miaka mingi kabla ya hati ya kwanza kuuzwa. Takwimu zilitangulia soko. Sheria ya misitu ya Kenya ya 2005 iliruhusu jamii kuingia mkataba wa kusimamia msitu pamoja na serikali. Kisha kuna suala la kuni na boriti. Ukifunga hekta 117, watu hawaachi kupika wala kujenga, wanahamia kukata ghuba ya jirani, na kaboni uliyoiuza inavujia huko. Kwa hiyo wakapanda mivinje ili miti ya kujengea na kuni zipatikane nchi kavu. Mvinje hauna umaarufu kwenye picha za mradi, lakini kama ningelazimika kukuonyesha uchumi ikolojia ukifanya kazi, ningekupeleka kwenye ile mivinje.

Kwenu mambo hayafanani. Msitu wenu ni mkubwa mara mia nne na zaidi, ndani yake mna watu wanaolima mpunga, sheria ni nyingine, na mkataba wa kijiji na serikali juu ya mikoko si jambo la kuchukulia kuwa limeshakwisha. Usinakili Gazi. Tena kumbuka kwamba kaboni nyingi ya mikoko haimo kwenye mti. Utafiti wa 2011 katika ukanda wa bahari za Hindi na Pasifiki ulikuta kwamba udongo peke yake unabeba kati ya asilimia 49 na 98 ya kaboni yote. Huwezi kuikadiria kwa kutazama shina, na wewe huna vifaa. Iache, useme wazi umeiacha.

Lipo pia suala la muda, ambalo ndani ya fomula huonekana dogo. Chukua shilingi 1,000,000 zitakazopatikana baada ya miaka 30. Kwa kiwango cha punguzo, yaani kadiri fedha ya baadaye inavyopunguziwa thamani kwa kila mwaka wa kuingoja, cha asilimia 3, leo ni kama shilingi 412,000. Kwa asilimia 10 ni kama 57,000. Msitu uleule, boriti zilezile, umebadilisha namba moja kwenye kompyuta na mjukuu wako amepoteza karibu sehemu saba kati ya nane za urithi. Namba hiyo haitoki kwa mwanaikolojia, wala sisi wachumi hatuna haki ya kuipanga kimya kimya. Fanya hesabu kwa viwango vitatu, uweke vyote mezani, halafu wapelekee wazee kwa lugha yao: mko radhi kuchukua korja ngapi leo ili mtoto anayezaliwa mwaka huu akose ngapi? Nimewahi kufanya hivyo, na ubishi uliozuka ulinifundisha zaidi ya sura nzima ya marejeo. Vijana wenye kutafuta mahari walitaka punguzo kubwa kuliko benki.

Na angalia hesabu ni ya nani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa shamba kubwa sana la kamba hapohapo Rufiji. Ulipingwa vikali na haukutekelezwa. Waulize wazee wenu, wanaukumbuka. Kwa mwekezaji, bwawa la kamba lina faida, hilo huwezi kulikana. Uchunguzi wa Thailand ya kusini uliochapishwa 2001 ulionyesha faida hiyo ikiyeyuka pale unapoondoa ruzuku, ukaongeza gharama za maji machafu na za kuotesha upya mikoko kwenye mabwawa yaliyotelekezwa. Bwawa ni lilelile, ila daftari la pili linajumuisha watu wa kando ya bwawa.

Basi, tasnifu tatu? Moja inatosha. Chukua mkondo mmoja au vijiji viwili, usiguse delta nzima. Swali lako liwe la korja: zinazokomaa, zinazokatwa, zinakokwenda fedha zake kati ya mkataji, mwenye mashua na tajiri wa Dar. Bei utaiweka kwenye korja, na kwenye kaa na kamba wanaouzwa, kwa kuwa hapo ipo kweli. Kinga dhidi ya mawimbi, mazalia ya samaki na makaburi ya wazee yaliyo kule visiwani yaeleze kwa vipimo vyake au kwa maneno. Msimamizi akikataa, mwombe akuonyeshe soko la makaburi.

Mwalimu wa misitu mpe nafasi ya msimamizi mwenza, rasmi, kwa barua, kabla hujapima mti wa kwanza. Mwandikiane takwimu ni za nani na nani atatajwa wa kwanza kwenye makala. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukifa kwa ajili ya mpangilio wa majina. Muulize pia mkuu wa idara yako watahini watatoka wapi. Mtahini wa uchumi mtupu atakuuliza modeli iko wapi, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko siku ya utetezi.

Mjomba mlipe posho kama msaidizi yeyote wa utafiti, tena jina lake liandikwe kwenye shukrani kama akiridhia. Siku ya kwenda msituni achague yeye. Akikwambia mwezi kumi na tano saa kumi na moja alfajiri, kuwa pwani saa kumi na nusu.